Kuvu la Isumba na Watu Watatu Waliolidai

Kaeni vizuri, lakini msikae kama watu waliokuja kuburudishwa. Hadithi hii nitaifikisha mahali, nitaiacha hapo, na ninyi ndio mtakaoimalizia. Mkubwa kwa mdogo, kila mmoja ana kura.

Katika kituo kimoja cha utafiti, kule nyanda za juu kusini ambako watu huvaa makoti hata mchana wa jua, walikuwepo wafanyakazi watatu waliopendana sana, kila mchana wakila sahani moja.

Wa kwanza aliitwa Ambakisye, na kipaji chake kilikuwa macho na miguu. Alizaliwa chini ya mlima Isumba na msitu wake aliujua kama mtu anavyojua nyumba ya mama yake. Alipopita porini aliona vitu ambavyo wengine tunavikanyaga: utando mweupe chini ya gome, ukungu wa rangi ya maziwa kwenye jani lililooza. Akichota udongo huku na huku, anarudi na vifuko tele na anakumbuka kila kimoja kilitoka kwenye korongo lipi.

Wa pili ni Tusekile, na kipaji chake kilikuwa mikono. Kuvu, ambalo wengine huliita fangasi, huota lenyewe kwenye ugali uliolala. Lakini kuotesha kuvu la aina moja tu, safi, bila jingine kujipenyeza, ni kazi ya kumtoa mtu jasho. Mikono ya Tusekile haikutetemeka. Aliweza kuhamisha uzi mmoja wa kuvu kutoka kisahani hiki cha kioo hadi kile, mbele ya mwali wa gesi, kwa upole wa mtu anayembadilishia mtoto nepi bila kumwamsha.

Wa tatu alikuwa Mshamu, mtu wa Kilwa, aliyeifuata kazi kwenye baridi ile na hakuacha kuilalamikia hata siku moja. Kipaji chake kilikuwa kusoma mafuta. Maana kuvu lina mafuta mwilini kama sisi, na mafuta si kitu kimoja. Kuna yanayoganda kama samli, kuna yanayobaki maji hata kwenye baridi, na kuna machache, adimu, ambayo mtoto mchanga huyapata kwenye ziwa la mama na kuyatumia kujenga ubongo na macho. Mshamu alikamua mafuta ya kuvu, akayapitisha kwenye mashine yake iliyokuwa mjini, ng'ambo ya mto, na mashine ikachora vilima kwenye skrini. Kila aina ya mafuta na kilima chake. Sisi tungeona michoro tu. Mshamu akiviangalia anakwambia kuvu lilikula nini, lilishiba au lilikuwa na njaa, lilikaa kwenye joto au kwenye baridi.

Hayo mafuta adimu ndiyo waliyokuwa wakiyatafuta. Hospitali ya wilaya ilikuwa na wodi ya watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, na wengine mama zao walikuwa wamefariki siku ile ile ya kujifungua. Maziwa ya kopo yaliyofika kule hayakuwa na mafuta hayo. Kama lingepatikana kuvu linaloyatengeneza, likaoteshwa kwa sukari tu, watoto wale wangepata walichokikosa. Kwa miaka walijaribu kuvu moja baada ya jingine, na kila mara Mshamu alitikisa kichwa.

Masika ilipoanza, mkurugenzi wa kituo, Bwana Longino, alikataza mtu yeyote kupanda Isumba. Ardhi ilikuwa imelowa na mlima ulikuwa ukinguruma.

Ambakisye akamwambia, "Bwana Mkurugenzi, makuvu huamka na mvua. Jua likiwaka nitamkuta nani?"

"Nimesema hakuna kupanda."

Alipanda. Aliingia kwenye korongo ambalo hakuwahi kulifikia, akachota udongo chini ya mti ulioanguka, na alipokuwa akiinuka mlima ukashuka. Wachuma chai waliosikia sauti yake walimkuta kesho yake, jiwe likiwa juu ya mguu wake wa kulia na matope yakiwa yamemfika kifuani. Mmoja akamsogezea maji mdomoni. Ambakisye akayasukuma pembeni, akasema, "Kwanza chukueni hiki kifuko kilichomo kwenye koti. Mpelekeeni Tusekile."

Hospitalini walimkata mguu juu ya goti. Korongo lile likafukiwa kabisa. Hakuna mtu atakayechota tena udongo wake.

Ndani ya kifuko kile, katikati ya makuvu ya kawaida, Tusekile aliona moja jeupe, jepesi kama sufi. Akalitenganisha, akaliotesha, akatuma mjini. Siku chache baadaye Mshamu akampigia simu.

"Tusekile, umenitumia nini?"

"Kuvu la Ambakisye."

"Basi mwambie kilima tulichokuwa tukikitafuta ninakiona hapa mbele yangu, kirefu kuliko vyote. Mwambie mguu wake haukwenda bure."

Walilia kwenye simu, kila mmoja upande wake.

Lakini kuvu lile lilikuwa na tabia moja mbaya. Mengine ukiyagandisha kwenye friza yanalala na kuamka baadaye. Hili likigandishwa linakufa. Lilipaswa kutunzwa hai, kwenye chupa zenye maji ya sukari, juu ya mashine inayotikisa bila kusimama ili lipate hewa. Kila siku, kila saa, lilimtegemea mtu.

Mvua haikukoma. Daraja likabomoka, nguzo za umeme zikaanguka, jenereta ikamaliza mafuta na barabara ya kuyaleta mengine haikuwepo. Mashine ya kutikisa ikanyamaza. Ambakisye alikuwa kitandani hospitalini, Mshamu ng'ambo ya mto. Tusekile akabaki peke yake na chupa zake. Alizitikisa kwa mikono mpaka mabega yakakataa. Ndipo akaziba midomo ya chupa kwa pamba na nailoni, akazipanga kwenye tenga, akaliteremsha tenga kwenye kijito nyuma ya kituo na kulifunga kwa kamba ili mkondo wa maji uzitikise badala yake. Akakaa pale ukingoni chini ya turubai. Chupa ikilowa kifuniko anaitoa, anaikausha, anairudisha.

Akiwa pale, simu yake ikaita. Ni mdogo wake Ipyana, kutoka Kyela.

"Dada, mama amezidiwa. Anakuulizia."

"Amezidiwa vipi?"

"Njoo tu, dada. Njoo leo. Ukitembea mpaka njia panda, pikipiki zinapita."

Tusekile akaliangalia tenga. Mkondo ulikuwa na nguvu. Kamba ikilegea kidogo, kila kitu kimekwenda. "Umeme ukirudi tu, nakuja. Mwambie nakuja."

Umeme ulirudi. Tusekile akazirudisha chupa ndani, akakimbia mpaka njia panda, na alipofika Kyela akakuta turubai limefungwa uani na wanawake wamekaa chini. Mama yake, jina lake Kisa, alikuwa amefariki asubuhi ya siku iliyotangulia.

Ipyana hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza. Alimwambia tu, "Mpaka mwisho alikuwa ananiambia nitandike kitanda cha pembeni. Anasema dada yako atafika amechoka."

Sasa nije kwa Mshamu.

Barabara ilipofunguka, chupa za kijitoni zilipelekwa mjini, na Mshamu akashangaa. Mafuta yale adimu yalikuwa mengi kuliko mara ya kwanza. Akaandika sababu aliyoiona: maji ya kijito ni baridi, na ile sukari ya siku za mvua ilikuwa kidogo. Hakuna aliyemsikiliza. Bwana Longino alikuwa amekwisha kuleta tangi kubwa la chuma, chumba chenye joto, na chakula tele cha kulishia kuvu. Alitaka mafuta mengi na aliyataka haraka, maana wageni wakubwa walikuwa wanakuja kuona madumu ya kwanza yakikabidhiwa wodi ya njiti.

Kuvu lilinenepa. Mafuta yakajaa dumu baada ya dumu. Mshamu akayapitisha kwenye mashine, akatazama, akarudia, akarudia tena. Kisha akaenda ofisini kwa mkurugenzi.

"Bwana mkubwa, mchanganyiko umebadilika. Kile kilima chetu karibu kimefutika. Humu kuna mafuta ya kuganda tu, kama ya kukaangia maandazi."

"Andika majibu ya zile chupa za kwanza. Kuvu si ni lile lile?"

"Kuvu ni lile lile. Mafuta siyo yale."

"Mshamu, wageni wanakuja Alhamisi. Tutarekebisha baadaye."

"Baadaye wapi? Mtoto njiti ana wiki chache tu za kujenga ubongo wake, zikipita zimepita. Na hawezi kusema kapewa nini. Wallahi sitii saini yangu hapo."

Ilitakiwa saini ya mtaalamu. Bwana Longino akamwendea Tusekile, aliyekuwa bado amefunga kitambaa cha msiba kichwani, akamwambia kwamba wageni wakirudi mikono mitupu, kazi inafungwa na kuvu linatupwa. Tusekile aliwaza: likitupwa, mama alinisubiri mpaka kufa kwa ajili ya nini? Akasaini.

Mshamu akafukuzwa. Ili ionekane kuna sababu, ikatangazwa kwa barua kwamba alikuwa akija kazini amelewa na ameiharibu mashine. Mshamu ambaye pombe hakuijua hata ladha. Maneno yakafika Kilwa kabla yake. Baba yake, mwadhini wa msikiti wa mtaa, hakumfukuza nyumbani, ila alikoma kula naye sinia moja. Mshamu akarudia kuapa. Mzee akajibu, "Mwanangu, barua ya ofisi nimezoea kuiamini."

Mafuta yale hayakumuua mtoto, lakini hayakumsaidia hata mmoja. Manesi wakaona uzito haupandi, macho ya watoto hayafuati kidole. Wakalalamika mpaka akaletwa mtaalamu wa makuvu kutoka mbali, Daktari Subilaga. Naye akayapima, akakuta vilima vile vile ambavyo Mshamu alivisema. Akapanda basi mpaka Kilwa.

Mshamu hakumkaribisha ndani. "Waulize waliosaini," akasema, akaendelea kukarabati baiskeli ya mtu.

Daktari Subilaga alikaa kwenye benchi la jirani, akarudi kesho yake, akakaa tena. Siku zilikwenda hivyo, na huku wodini watoto wakipewa mafuta ya maandazi. Mshamu alilijua hilo. Alikuwa na dawa kichwani na alinyamaza, kwa uchungu. Hatimaye akatupa spana chini.

"Lipozeni. Lipeni chakula kidogo. Zile chupa za Tusekile za kijitoni ndizo zilizokuwa sawa. Likiona baridi na likiwa na njaa ndipo linatengeneza yale mafuta. Mkilishibisha linanenepa tu, kama mtu yeyote."

Wakafanya hivyo, na kilima kikarudi. Wodini uzito ukaanza kupanda, kidogo kidogo. Nesi mmoja alimpitishia mtoto kidole usoni, mtoto akakifuata, nesi akaita wenzake waje waone.

Bwana Longino alihamishiwa makao makuu, kwa kupandishwa cheo na kwa hotuba za kumshukuru. Mshamu akarudishwa kazini kimya kimya. Hakuna aliyetangaza kwamba hakuwa mlevi. Ambakisye akapewa kiti getini, kuandikisha wageni. Tusekile aliendelea na chupa zake. Sahani ya pamoja mchana ikawa imekwisha. Mshamu alikula nje, juu ya ngazi.

Wangeweza kuzeeka hivyo. Lakini kuvu lile halikuwa limepata jina. Lilikuwa jipya duniani, halijawahi kuandikwa popote, na Daktari Subilaga ndiye aliyepewa kazi ya kulitambulisha. Akawaita watatu wale ofisini.

"Jina likishaandikwa halifutiki," aliwaambia. "Wajukuu wa wajukuu watalikuta. Mlima Isumba tayari una kuvu jingine lenye jina lake, kwa hiyo hilo halipo. Majina matatu hayaruhusiwi. Nimeamua libebe jina la mtu mmoja, na nataka mniambie wenyewe ni nani. Mkishindwa, makao makuu wana lao: wanataka niandike jina la Bwana Longino."

Wote watatu waliguna kwa pamoja, na kwa kitambo kidogo walikuwa tena kama zamani. Kisha Ambakisye akasema.

"Mimi sina mtoto. Mchumba niliyekuwa naye aliponiona na gongo la kutembelea alisema atarudi. Kaka zangu wamekufa. Kwetu mimi ndiye wa mwisho, na nikienda, jina la kwetu hakuna atakayeliitika. Kuvu hili lilitoka kifuani mwangu. Naomba liitwe kwa jina langu."

Tusekile alikuwa akiangalia mikono yake. "Kaka Ambakisye, mimi silitaki kwa jina langu. Nataka liitwe Kisa. Mama yangu alililipia na wala hakuulizwa. Kila mkilitaja, awe ameitwa."

"Mama yako hakulijua hata kuvu lenyewe," akasema Mshamu.

"Alilijua kuliko wewe. Ndilo lililomnyima mtoto wake."

"Na mimi? Nyinyi mna vidonda vya kuoneshwa, watu wanawapa pole. Mimi nani kanipa pole? Nikipita sokoni wananiuliza kama nimeshapata supu ya kutoa hangova. Baba yangu hali na mimi. Jina langu limechafuliwa kwa maandishi, basi lisafishwe kwa maandishi. Bila mimi mngekuwa na pipa la mafuta ya maandazi."

"Ulikaa Kilwa umenuna," alisema Ambakisye, "na watoto wanasubiri."

"Na wewe mguu hukuutoa kwa ajili ya kuvu! Ulikatazwa kupanda, ukapanda. Mlima ulikuangukia tu, kama ungemwangukia mbuzi."

Ambakisye aliinuka, gongo likamteleza, akashika meza. Tusekile akanyoosha mkono kumdaka na yeye akaupiga mkono ule pembeni.

"Usinishike! Wewe ulimsainia Longino. Unatuletea msiba wa mama yako hapa kila siku. Nani alikukataza kwenda? Chupa? Chupa zilikufunga miguu?"

Tusekile alichukua kanga yake kwenye kiti, akaikunja vizuri, akatoka. Mshamu akafuata baada yake, kwa mlango mwingine. Ambakisye alibaki kwa sababu gongo lilikuwa limeangukia mbali na aliona aibu kuomba kuokotewa. Daktari Subilaga akamwokotea.

Tangu siku hiyo hawasalimiani. Getini Tusekile hupita uso ameuelekeza barabarani. Mshamu akiona jina la Tusekile kwenye chupa huzipokea kwa mkono wa mtu mwingine. Nao wodini watoto wanaongezeka uzito, na hawajui lolote kati ya haya.

Daktari Subilaga ni jirani yangu, ndiyo maana nayajua. Juzi alikuja kwangu na ile karatasi, imekamilika yote isipokuwa pale penye jina. Akaniambia, "Wewe huwajui, huna upande. Nisaidie." Nikaketi nayo mpaka chai ikapoa.

Bila Ambakisye kuvu lingezikwa na korongo lake. Lakini ni kweli alikatazwa, na jiwe halikumchagua. Bila Tusekile lingekufa ukingoni mwa kijito, na yeye alichagua, akiwa na akili zake, na alichokiacha hakirudi. Lakini saini ile ni yake, na jina analoliombea ni la mtu ambaye hakugusa chupa hata moja. Mshamu je? Ndiye pekee aliyesema ukweli wakati ukweli ulikuwa na bei, na kama si yeye tungekuwa tunawalisha watoto udanganyifu mpaka leo. Lakini kuna zile siku alizonyamaza, na kila siku ile kulikuwa na mtoto wodini.

Usiniambie nisiandike jina lolote. Nafasi ikibaki wazi, Ijumaa karatasi inapotumwa anaingia Bwana Longino, na hawa watatu wataishi wakilisoma jina lake.

Nilimrudishia karatasi yake, nikamwambia nitawauliza watu. Haya, nimewauliza. Wewe uliyekaa kimya tangu mwanzo, anza: kalamu ni hii, ungeandika jina la nani?